Orlinda na Mfereji wa Chuo

Ilikuwa mwaka ule theluji ilipolala mpaka Pasaka. Hapana, nimeanza kwa kukosea. Mwaka wa theluji ndefu Orlinda alikuwa bado na lile basi la zamani la mlango wa kusukuma kwa mkono, na Adelia alikuwa mtoto wa kupakatwa. Huu ninaousema ni mwaka tulipokandika upya kuta za kanisa, Tranquilino akateleza kwenye ngazi akatumbukia ndani ya pipa la udongo, tukamtoa akiwa kama mtungi usiochomwa. Naam, ndio huo. Watu wote wa kijiji chetu cha Ojo Hondo wanaukumbuka kwa pipa lile, nami nitaushika hapo hapo.

Orlinda Archuleta alikuwa dereva wa basi la shule. Ni mfupi, kwa hiyo alikalia mto uliojazwa sufu ya kondoo niliowanyoa mimi mwenyewe, na mtu akilikuta basi barabarani aliona kofia na vidole tu juu ya usukani. Mtoto akipanda bila kusalimu, basi haliondoki. Hakemi, hageuki, anazima injini na kutazama mlima mpaka salamu itoke. Kipasha joto cha basi kiliupasha mguu wake wa kulia tu, sehemu nyingine zote barafu, basi asubuhi za baridi aliwaita wadogo mmoja mmoja waje wakae kwenye ngazi karibu na mguu ule. Sheria ilikataza. Alisema sheria ile iliandikwa na mtu aliyevaa soksi mbili mbili kila mguu.

Mimi wakati huo nilikuwa napita tu, kama ninavyopita mpaka leo. Nilinyoa kondoo upande wa Colorado, nikatengeneza nyua za waya upande huu, na baridi ikinizidi nililala kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Orlinda. Marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu. Kwa hiyo niliyoyaona nimeyaona, na mengine nimeyasikia kupitia ukuta, ambao si mnene.

Ili umwelewe Orlinda lazima umjue baba yake, Epifanio. Kwetu, maji ya shamba yanatoka kwenye mfereji mmoja waliouchimba mababu, na kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka kila nyumba inatoa mtu mmoja na sepetu. Msimamizi wa mfereji anatangulia na fimbo yake, anapima, anasimika kijiti: fungu lako hili, la mwenzako lile. Usipochimba, hunyweshi. Mwaka mmoja Epifanio alivunjika mguu. Majirani wakamwambia kwa moyo mweupe, “Lala, ndugu yetu, mwaka huu maji yako ni bure.” Akalala, akashukuru.

Basi tangu siku ile kila aliponyanyua sauti kwenye mkutano, mtu alimwambia, “Epifanio, wewe kaa. Sisi ndio tuliokunywesha.” Ng'ombe wake akikanyaga ua wa mtu, “Sisi ndio tuliokunywesha.” Alichimba kila mwaka baada ya hapo, tena fungu lake na nusu ya la mwenzake, haikusaidia. Siku ya matanga yake bado mmoja aliisema, kwa mzaha, kikombe mkononi. Aliyemletea kahawa ile ni Orlinda, msichana mdogo. Hakuisahau.

Haya, sasa Adelia. Ni mjukuu, mtoto wa binti yake Orlinda anayefanya kazi Denver, akalelewa na bibi. Msichana wa kuinama. Huwezi kutembea naye mpaka kisimani, kila jani analigeuza. Mwaka huo wa pipa alikuwa sekondari, na jioni moja wakati wa chakula alisema kwamba chuo cha mjini, ng'ambo ya mlima, kimeamua kutochukua ada kwa wanafunzi wa sekondari. Unasoma somo moja, linahesabiwa pande mbili, shuleni kwako na chuoni. Ukimaliza sekondari tayari una mguu mmoja ndani ya chuo. Yeye alitaka somo la mimea ya majini.

“Ada kiasi gani?” Orlinda akauliza.

“Hakuna, bibi. Wamefuta.”

“Nani kafuta?”

“Sijui. Chuo. Serikali ya jimbo. Wamefuta tu.”

“Hakuna kitu kinachojifuta, mwanangu. Hata hiyo sahani mbele yako haijifuti.”

“Wenzangu wote wanakwenda.”

“Wenzako si wajukuu wa Epifanio.”

“Hata mimi si mjukuu wake, bibi. Mimi ni kilembwe.”

“Kitukuu! Kilembwe ni mtoto wako wewe. Tazama, unataka chuo na ukoo wako hujaujua.”

Walicheka, lakini Orlinda hakuwa amemaliza. Alimwambia aanze, tena yeye mwenyewe ndiye atakayewavusha mlima kwa basi, ila kabla ya maji kufunguliwa mwaka ule anataka kujua wanalipa nini. Asipojua, Adelia anaacha. “Sitaki siku moja mtu akusimamie kichwani akwambie ukae,” alisema. Adelia hakuelewa, kwani habari ya Epifanio hajawahi kusimuliwa. Alielewa tu kwamba somo lake lina mwisho, na mwisho wenyewe unakuja na theluji kuyeyuka. Nilimsikia analia, ukuta ule ule.

Orlinda alikwenda kwenye dirisha la ofisi ya chuo. Alikuwapo kijana mpole mwenye tai.

“Nimekuja kwa ajili ya ada ya Adelia Archuleta.”

“Ni bure, mama.”

“Nimesikia. Sasa nafanya nini?”

“Hufanyi kitu.”

“Naweza kufagia. Napika pia.”

“Mama, haturuhusiwi kumfanyisha kazi mtu ambaye hatujamwajiri.”

“Na binti akikosana na mtu humu ndani, ataambiwa nini?”

Kijana wa watu akafungua droo, akampa kalenda yenye picha ya chuo. Orlinda alirudi akaniambia, “Ausencio, nimekwenda kulipa, nimerudi na deni la pili.” Ile kalenda aliitundika ndani ya basi, picha ikatazama ukuta.

Lakini dereva anayengoja wanafunzi ana muda wa kutembea. Siku moja alizunguka nyuma ya jengo la sayansi akakuta mfereji. Umeziba! Matete, magugu, matope mazito, maji yamesimama kama mkwe mgeni. Na ukingoni, hapa kijiti na kitambaa chekundu, pale kijiti na kitambaa chekundu, vimepangwa kwa umbali sawa mpaka mwisho. Orlinda alirudi Ojo Hondo siku hiyo na uso wa mtu aliyeokota pete. Alipitiliza moja kwa moja kwa shemeji yake Tranquilino, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye msimamizi wa mfereji wetu.

“Shemeji, wana mfereji.”

“Nani?”

“Chuo. Umeziba kama pua yako.”

“Pua yangu iache na heshima zake.”

“Na wameshapima mafungu. Vijiti vimesimikwa, vitambaa vyekundu, sawasawa kabisa. Wanangoja wachimbaji.”

Tranquilino alivua kofia. Yeye kila mwaka anatembea na fimbo kupima mafungu, anajua kazi yake. “Wamepima, halafu watu hawakutokea?”

“Watu wa mjini, shemeji. Watatokea wapi?”

“Maskini wa Mungu,” alisema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. “Kupima na kuachwa peke yako.”

Hivyo, Jumamosi iliyofuata baada ya kuchimba mfereji wetu, tulipanda basi la njano, wazee kwa vijana, masepetu yamelazwa katikati ya viti. Orlinda aliomba ruhusa ya kulitumia basi kwa safari ya masomo, na mimi nasema hakudanganya. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, na Adelia alikuwa Denver kwa mama yake. Mlinzi mmoja mzee alipita na kigari chake, akaona basi la serikali, akaona watu kila mmoja kwenye fungu lake, akamsikia Tranquilino anavyofoka. Mtu asiye na kibali hafoki vile. Alipunga mkono akaendelea na safari yake.

Tulichimba vizuri. Nasema bila kujisifu, nimechimba mifereji mingi na ule ulitoka msafi kama bakuli. Matope ya mfereji wa zamani ni dhahabu kwa pilipili, hatukuyaacha. Tuliyatia kwenye magunia pamoja na mizizi yake, na Tranquilino akaamua yote yaende kwenye bustani ya Orlinda kwa kuwa safari ni yake.

Adhuhuri tulikula. Maharage, nyama ya nguruwe kwa pilipili nyekundu, mikate bapa ya unga iliyofungwa kwenye taulo. Kabla hajajipakulia, Orlinda alijaza sahani moja, akaifunika kwa kitambaa cheupe alichotarizi ndege wa buluu pembeni, akaiweka juu ya ukuta mfupi karibu na mlango wa jengo.

“Ya nani hiyo?” Tranquilino akauliza. “Mimi bado nina nafasi.”

“Wewe una nafasi tangu ubatizo wako. Ni ya huyo aliyelipa. Wakisema ada imefutwa, kuna mtu mahali fulani kaishika kwa mkono wake. Na yeye ni mchimbaji. Atakula na wachimbaji.”

“Na asipokuja?”

“Mwenye fungu huja.”

Wakati wa kurudi aliimba mlima mzima, na hana sauti. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. “Ausencio,” akasema, “sasa hakuna wa kutukumbusha.”

Jumatatu chuo kilifunguliwa. Orlinda alikuwa kwenye usukani anangoja, mara akamwona Adelia anakuja mbio, kitu amekificha ndani ya koti. Alipanda, akakitoa. Ilikuwa sahani. Tupu, imeoshwa, kitambaa cha ndege kimekunjwa juu yake vizuri.

“Bibi, hii si yetu?”

“Ni yetu. Ee! Mwenyewe amekula?”

“Bibi, mmefanya nini?”

Kumbe ule haukuwa mfereji wa kunyweshea kitu. Mwalimu Haugen, yule yule wa somo la Adelia, alikuwa ameugeuza kitalu cha mimea ya vinamasi. Miaka mingi alizunguka mabonde ambayo vinamasi vyake vimekauka, akaokoa mbegu hapa, mzizi pale, akavipanda, na kila kijiti chenye kitambaa chekundu kilionyesha aina moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Asubuhi hiyo aliwaongoza wanafunzi wake kwenda kuona machipukizi, akakuta mfereji msafi kama bakuli. Alisimama ukingoni akalia mbele yao, mwanamke mtu mzima, mrefu kama nguzo. Adelia alikuwa pembeni yake alipoiona sahani ukutani.

“Sirudi tena mle ndani,” Adelia alisema. “Nitamtazamaje?”

Hapo ndipo lile aliloliogopa Orlinda lilipomfikia, tena kwa mkono wake mwenyewe. Alizima injini, akatazama mlima kidogo kama anavyongoja salamu. Kisha akateremka.

“Babu yako mkubwa alikaa chini kila alipoambiwa akae,” alisema. “Wewe hukai. Shika sahani, twende.”

Mwalimu Haugen alikuwa ofisini kwake, matope magotini. Orlinda hakungoja kukaribishwa.

“Mwalimu, ni mimi niliyechimba.”

“Wewe?”

“Mimi na shemeji yangu na watu wa Ojo Hondo. Huyu mtoto hakujua.”

Haugen alisimama. “Nani kakutuma?”

“Hakuna.”

“Basi kakulipa nani?”

“Hakuna. Ilikuwa bure,” Orlinda akasema. Alilisikia neno lile mwenyewe, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifungwa nyuma yake.

“Bure!” Haugen akasema. “Nani kakuomba uniletee kitu cha bure? Mimi nilikuomba?”

“Hukuniomba. Na mimi sikumwomba mtu.”

Wakatazamana. Haugen ndiye aliyekaa kwanza. “Nieleze,” akasema, na Orlinda akaeleza, habari ya mguu wa Epifanio, maji, matanga, kikombe cha kahawa. Adelia aliisikia kwa mara ya kwanza amesimama mlangoni na sahani. Ilipoisha Haugen alipangusa uso, akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

“Matope mmeyapeleka wapi?”

“Kwenye pilipili zangu.”

“Na mizizi?”

“Kila kitu. Sisi hatutupi.”

Haugen alichukua koti lake. Alivuka mlima ndani ya basi letu, amebanwa kati ya watoto, magoti yake yamefika kidevuni, na mtoto wa kituo cha pili akampa ile nafasi ya kwenye ngazi karibu na mguu wenye joto, maana aliona anatetemeka.

Nilikuwepo bustanini walipofika. Haugen alipiga magoti kwenye matope, akaanza kuchambua mzizi mmoja mmoja, Adelia akapiga magoti upande wa pili, na baada ya muda wakawa wanapokezana bila kusemeshana. Mingi ilikuwa hai. Tranquilino akaja na fimbo yake.

“Magugu haya? Nimepigana nayo maisha yangu yote!”

“Ndiyo maana yalikuwa yamebaki kwangu tu,” Haugen akajibu bila kuinua kichwa.

Tranquilino akasimama. Akamtazama Orlinda, akayatazama yale magugu kama mtu anayeletewa adui wake kwenye machela. “Shemeji, sasa haya nitayapa zamu ya maji?”

“Utayapa zamu yangu.”

“Na pilipili?”

Mwaka ule Orlinda hakupanda pilipili. Ukiishi kwetu utajua hilo ni jambo gani: nyumba isiyo na shada la pilipili mlangoni wakati wa mavuno, watu wanapunguza sauti wakipita. Bustani yake ilisimama matete na majani mapana, vyura wakahamia, na mwalimu akawa analeta darasa zima pale. Wanafunzi wa mjini walipanda basi wakaja kusoma Ojo Hondo, na Adelia ndiye aliyewaonyesha pa kukanyaga.

Mavuno yalipofika watu walileta pilipili kwa Orlinda, kila nyumba shada lake. Alizipokea. Niliiona mikono yake, ilikuwa mizito. Tranquilino alileta la mwisho, kubwa kuliko yote, akaanza mdomo wake usio na breki, “Haya, shemeji, usije ukasahau nani kaku…” Akamtazama usoni. Akameza. “Ni zito,” akasema. “Nikutundikie?” Akapanda ngazi akalitundika mwenyewe, na safari hii hakuanguka.

Mimea ilirudi chuoni kabla ya baridi. Mwalimu Haugen alitaka kulipia ile bustani, akatoa na bahasha. Orlinda alirudisha mkono ule taratibu. “Ni bure, mwalimu,” alisema, kama mtu anayejichomoa mwiba, na baada ya hapo akacheka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka tena, tulikuwa tumesimama kwenye mfereji tunangoja mafungu yetu, tukaona gari dogo. Haugen akateremka na sepetu mpya, bei bado imebandikwa mpinini, na viatu vya ofisini. Hana shamba kwetu, hana hata mti. Tranquilino akamfuata na fimbo yake. Alimpimia, ila alimpimia fupi kidogo, kwa huruma ya vile viatu. Haugen aliangalia fungu la kushoto, akaangalia la kulia, akang'oa kijiti akakisogeza mwenyewe mpaka kikalingana na vya wengine. Orlinda alikuwa kwenye fungu la pembeni yake. Alimsogezea glavu zake.

Adelia alimaliza sekondari na masomo yake pande zote mbili. Siku hizi anatembea kwenye mito ya jimbo na buti za mpira, na siku ya mfereji haikosi. Basi linaendeshwa na mtu mwingine, lakini ule mto wa sufu Orlinda hakuuacha, anaukalia jikoni.

Sahani ninayo mbele yangu ninapoandika. Nimekula maharage sasa hivi ndani yake. Mlinzi nilimuuliza mapema kabisa, akaapa kwamba pilipili haigusi, tumbo haliruhusu. Yule kijana wa dirishani alisema ofisi ilikuwa na kufuli wiki nzima. Mwalimu alikuwa kwa dada yake. Mbwa angekula, sikatai, lakini mbwa haoshi sahani na hakunji kitambaa pembe kwa pembe, ndege akatokea juu. Nimemuuliza Tranquilino, nimemuuliza padri, Orlinda mwenyewe nimemuuliza, akaniambia nimalize chakula changu. Sasa nauliza tena, kwa yeyote: ni nani alikuja akala?